Gari ya mvuke katika makete: namna ya kuitengeneza kwa vitu vya kutupwa na kuitia taa

Katika mitaa ya Bukavu, Uvira, Kalemie ao Lubumbashi, mutoto wa miaka 8 anajua kutengeneza gari ya waya. Anakunja waya kwa mikono, anakata magurudumu katika babushi iliyokatika, anafunga fimbo ndefu ya kuongozea, alafu anakimbia nayo barabarani. Ulaya na Marekani, watu wazima wanaopenda makete wananunua mara nyingi paketi yenye vipande vilivyokwisha kukatwa, wanabandika tu. Wachache wanaoanza bila paketi, kwa mbao, mabati na plastiki ya kuokota, wanaheshimiwa sana kati ya wenzao. Hapa kwetu kuanza bila kitu njo namna ya kawaida, hakuna anayeshangaa.

Kuna aina moja ya makete ambayo inafaa sana kwa mikono iliyozoea kazi kama hiyo: magari ya mtindo wa stimpanki, yenye bomba la moshi, shaba, riveti, na taa ndani.

Stimpanki ni nini

Jina lenyewe haliko la zamani. Mwandishi mumoja wa Marekani, K. W. Jeter, alilitoa katika mwaka wa 1987, kwa kuchanganya neno la Kiingereza la mvuke na lile la vijana waasi wa muziki wa panki. Alikuwa anatafuta namna ya kuita hadisi zake na za rafiki zake, ambazo zilirudi katika karne ya 19 na kuweka ndani mitambo ambayo haikukuwa. Kwa ufupi, stimpanki inauliza hivi: kama petroli na umeme havingechukua nafasi, na dunia ingeendelea kutembea kwa mvuke, mashini zingekuwa namna gani?

Mizizi yake iko ya zamani zaidi. Mufaransa Jules Verne, aliyezaliwa muji wa Nantes katika mwaka wa 1828, aliandika ju ya chombo cha chini ya bahari kilichoitwa Nautilus. Katika mwaka wa 1880 alitoa kitabu kingine chenye tembo wa chuma anayetembea kwa mvuke katika India na kuvuta nyumba mbili nyuma yake. Leo katika Nantes kuna tembo wa mbao na chuma wa urefu wa mita 12 kwenda juu, anabeba watu mugongoni tangu 2007. Mutu akimuona anaelewa stimpanki bila kuelezwa.

Lakini gari la mvuke lilikuwa kitu cha kweli mbele ya kuwa hadisi. Cugnot, mwanajeshi wa Ufaransa, alitengeneza gari la magurudumu matatu la kuvuta mizinga karibu na mwaka wa 1770. Lingali katika jumba moja la makumbusho la Paris.

Trekta zilizopita Katanga

Mutu wa Congo hana lazima ya kwenda Nantes ju ya kutafuta mufano. Katika vita ya kwanza ya dunia, Wajerumani walikuwa na meli zenye silaha katika ziwa Tanganyika, na Wabeleji upande huu hawakuweza kuzishinda. Waingereza wakaamua kuleta boti mbili za moteri kutoka London. Ziliitwa Mimi na Toutou, kila moja na urefu wa mita 12 hivi. Ziliondoka katika mwezi wa 6 wa 1915, zikashuka Cape Town, zikapanda treni mpaka Elisabethville, ile Lubumbashi ya leo, na kufika Fungurume. Hapo reli ikaisha.

Mbele yao kulikuwa milima ya Mitumba, zaidi ya kilometa 200 za pori mpaka Sankisia, na sehemu fulani zilipita mita 1 800 kwenda juu. Boti ziliwekwa juu ya mikokoteni na kuvutwa na trekta mbili za mvuke. Pale trekta ziliposhindwa, ng'ombe na watu walivuta kwa kamba. Madaraja zaidi ya 100 yalijengwa kwa miti. Mwisho wa mwezi wa 9 boti zilifika Sankisia, zikapanda tena treni, zikateremuka muto Lualaba mpaka Kabalo, na kutoka hapo reli ikazifikisha kwenye ziwa, karibu na Kalemie ya leo. Tarehe 26/12/1915 zilikamata meli ya kwanza ya Wajerumani, Kingani. Mwezi wa 2 wa 1916 wakazamisha ya pili, Hedwig von Wissmann.

Boti inayopanda mulima ikivutwa na mashini ya moshi: mwandishi wa stimpanki angebuni kitu kama hicho, watu wangesema amezidisha. Kumbe ilipita Katanga. Njo sababu trekta ya mvuke iko mufano muzuri kwa makete ya kwanza. Umbo lake linajulikana: tangi refu la kuchemushia maji limelala, tanuru ya kuni nyuma, bomba la moshi mbele, magurudumu makubwa nyuma na madogo mbele, na gurudumu zito la pembeni linalozunguka wakati pistoni inapiga. Mutengenezaji akishashika umbo hilo, anaweza kuongeza mambo ya kubuni anavyotaka, na mutazamaji bado ataamini.

Kwanza kipimo

Makosa ya kwanza ya wengi ni kuchukua mukebe, kubandika kitu, kubandika kingine, na mwishoni mulango uko mudogo kuliko taa. Lazima kuchagua kipimo na kukiheshimu kwa kila kipande. Kipimo cha 1 kwa 20 kinafaa, maana yake sentimita 1 ya makete inasimamia sentimita 20 za kweli. Mutu wa mita 1,70 anakuwa sentimita 8 na nusu. Ngazi yenye hatua ya sentimita 30 inakuwa sentimita 1 na nusu. Trekta ya mita 6 inakuwa sentimita 30.

Uzuri wa kipimo hicho ni kwamba vitu vya jikoni vinaingia vyenyewe. Gurudumu la nyuma la trekta kama zile lilikuwa karibu mita 2 kwenda juu: mukebe wa maziwa ya unga wa gramu 400 una upana wa karibu sentimita 10, njo sawasawa. Mukebe mudogo wa tomate, wenye karibu sentimita 5, unafanya gurudumu la mbele. Kile kikaratasi kigumu cha katikati ya karatasi ya choo, chenye sentimita 4, kinakuwa tangi la mvuke. Mutengenezaji akate kwanza mutu wa karto wa sentimita 8 na nusu na amusimamishe kwenye meza muda wote wa kazi. Kila kipande kipya kisimamishwe karibu naye. Kama huyo mutu wa karto hawezi kufikia kile kifungio ao kupita katika ule mulango, kipande kirudishwe.

Mwili wa gari

Chasi inajengwa kwa mbao nyembamba ao kwa vyuma vyembamba vya gurudumu la kinga, kwa sababu vimenyooka na havipindike ovyo. Tangi linafunikwa na bati laini, kwa mufano lile la mukebe wa kinywaji lililofunguliwa kwa makasi na kunyooshwa. Riveti zinafanywa mbele ya kulifunika: bati linawekwa juu ya kipande cha babushi, upande wa ndani ukiangalia juu, alafu biki iliyokauka inasukumwa kidogo, tundu baada ya tundu, kwa kufuata rula. Upande wa pili panatokea vichwa vidogo vya riveti. Vikiwa na milimita 2 vinatosha. Vikizidi, gari inaonekana kama ina tetekuwanga.

Pistoni nzuri kabisa ni ya seringi ndogo mupya ya duka la dawa, isiyotumiwa na bila sindano. Mukono wake unaingia na kutoka kwa kweli. Ukifungwa kwa waya kwenye gurudumu la pembeni, pale gurudumu linapozungushwa kwa kidole pistoni inatembea. Hicho kitu kimoja kinapendwa na watoto kuliko mapambo yote. Bomba la moshi linatoka katika kimakeri kilichoisha. Minyororo inatoka kwenye shanga za shingo zilizokatika, mabomba madogo ya mvuke kwenye waya nene ya umeme, na kioo cha saa ya kupimia nguvu ya mvuke kinatoka kwenye plastiki yenye kuonekana ndani ya paketi ya vidonge.

Kuhusu magurudumu ya meno. Watu wengi wanaoanza stimpanki wanavunja saa ya mukono, wanatoa vile vigurudumu vya shaba na kuvibandika kila mahali, juu ya paa, kwenye mulango, hata kwenye taa. Hilo linachekwa hata kati ya wapenzi wa mtindo huo wenyewe. Gurudumu la meno ambalo halishike lingine halifanye kazi yoyote, na jicho la mutu, hata asiye fundi, linasikia uongo. Kila bomba lijulikane linatoka wapi na linaenda wapi. Maji yanaingia hapa, yanachemuka hapa, mvuke unapanda hapa, unasukuma pistoni, unatoka kwa bomba. Mwenye kuweza kueleza njia hiyo kwa kidole amekwisha kazi kubwa, hata kama mabati yake hayakukatwa vizuri.

Taa zinapangwa mbele ya kufunga

Taa njo sehemu inayoharibu makete nyingi, kwa kuwa mutengenezaji anazikumbuka mwishoni. Gari imekwisha kufungwa na kupakwa rangi, alafu anaanza kutoboa. Njia za waya zipangwe wakati chasi ingali wazi, na mahali pa betri paachwe na kifuniko kinachofunguka, chini ya gari ao ndani ya sanduku la kuni nyuma.

Taa za LED zinapatikana katika tochi zilizoharibika, na kwa mafundi wa redio wa mutaa. Kila LED ina miguu miwili: murefu unaenda kwenye chanya, mufupi kwenye hasi. Ikigeuzwa haiwake. Na haitaki kufungwa moja kwa moja kwenye betri yenye nguvu kuipita, itaungua. Katikati panawekwa rezistansi, na hesabu yake haiko ngumu. Chukua volti za betri, ondoa volti za LED, gawanya kwa mukondo. Mabuye matatu ya tochi ya volti 1,5 yanatoa volti 4,5. LED ya manjano inakula karibu volti 2. Zinabaki 2,5. Mukondo wa milliampere 10, yaani ampere 0,010, unatosha kabisa kwa makete. 2,5 gawanya kwa 0,010 ni 250. Dukani hautapata 250 mara nyingi, unachukua inayofuata juu, 270. LED nyeupe inakula karibu volti 3, kwa hiyo hesabu yake inatoa 150. Kila LED iwe na rezistansi yake, isipokuwa hivyo moja itawaka sana na nyingine itafifia.

Rangi ya mwanga ina maana. Gari za wakati ule zilikuwa na taa za petroli ao za karbidi, mwanga wao ulikuwa wa manjano. LED nyeupe ya baridi katika taa ya mbele inafanya trekta ya 1915 ifanane na simu. Dawa yake ni rahisi: tone la rangi ya kucha ya machungwa juu ya LED, ao karatasi ya bonbon yenye rangi hiyo. Kwa tanuru, LED nyekundu moja na ya manjano moja zinawekwa chini kabisa, juu yake karatasi ya bonbon iliyofinyangwa, na juu ya yote vipande vidogo vya makala ya kweli na vijiti vyembamba. Katika maduka yanayouza mishumaa ya plastiki yenye kuwaka kwa betri, LED ya ndani inachezacheza yenyewe kama moto. Ikitolewa na kuwekwa katika tanuru, kazi imekwisha.

Mwanga unatoroka. Plastiki na karto vinapitisha mwanga, na gari iliyowashwa gizani inaweza kung'aa mwili muzima kama karatasi. Ndani ya kila taa na ndani ya tanuru pabandikwe karatasi ya fedha ya paketi ya sigara, alafu rangi nyeusi upande wa nje mbele ya rangi nyingine yoyote. Waya nyembamba za sharja zilizokufa zinafaa. Waya za shaba za ndani ya moteri ndogo pia, lakini hizo zimefunikwa na vernisi isiyoonekana vizuri, na lazima kukwangua ncha, bila hivyo umeme haupite na mutu atatafuta kosa siku nzima. Kila taa ijaribiwe mara mbili: mbele ya kubandika, na baada.

Taa mbili za mbele, moja ya tanuru na moja ndogo juu ya saa ya mvuke, kwa milliampere 10 kila moja, zinafanya 40. Betri yenye milliampere-saa 1 000 inaziwasha karibu saa 25.

Mambo yenye hatari

Kwa watoto, mabuye ya tochi tu. Betri ya simu ya zamani iko na nguvu na haina bei, ndiyo sababu kila mutu anaitaka, lakini ikitobolewa, ikipindishwa ao ikiwa waya zake mbili zinagusana, inaweza kuwaka moto ambao ni muzito kuuzima. Iliyovimba isitumiwe tena kamwe. Na hata iliyo nzima isichomelewe kwa risasi ya moto juu ya mwili wake.

Wamoja wanayeyusha risasi ya betri za gari ju ya kupata uzito ao kumwaga vipande. Hapana. Risasi inaingia katika mwili kwa moshi na kwa mavumbi ya mikono, na kwa mutoto mudogo inaharibu akili bila kurudi. Uzito unaweza kupatikana kwa muchanga na kole. Mukebe wa dawa ya mbu ao wa manukato ya kupuliza usikatwe, hata kama unaonekana mutupu. Ncha za bati zipigwe sopo ya chuma mara tu baada ya kukata.

Na jambo moja kubwa kuliko yote: makete haichemushe maji. Kijana mwenye akili anaweza kufikiri, kwa sababu pistoni inatembea, aweke maji katika mukebe na moto chini. Maji yakigeuka mvuke yanataka nafasi karibu mara 1 700 kuliko ile yaliyokuwa nayo. Mukebe uliofungwa unakuwa bomu mbele ya uso. Moshi wa makete ni pamba katika bomba, yenye LED ndogo chini yake, basi.

Rangi, na watu

Kwanza rangi nyeusi kila mahali, hata pale ambapo panataka kuwa shaba. Ikikauka, burashi inatiwa katika rangi ya shaba ao zahabu, inapanguswa kwenye gazeti mpaka karibu hakuna kitu, alafu inapitishwa polepole: rangi inashika vichwa vya riveti na ncha tu. Unga wa kalamu ya karbo ukisuguliwa kwa kidole juu ya nyeusi unatoa sura ya chuma. Kutu ya kweli, iliyokwanguliwa kwenye bati la zamani na kuchanganywa na kole kidogo, inapita rangi yoyote ya dukani.

Watu wengi wanamaliza hapo. Trekta peke yake kwenye meza, inang'aa. Lakini makete ya stimpanki, na zile za Ulaya zaidi, zina tabia ya kupenda mashini za karne ya 19 na kusahau ni nani aliyezibebea kuni. Trekta za Katanga zilikula kuni na maji kila siku, na maji hayakukuja yenyewe. Mamia ya watu wa vijiji walikata miti, walijenga madaraja, wanawake walibeba maji kwa kichwa ju ya tangi. Majina ya boti yanajulikana na jina la kamanda, Spicer-Simson, linajulikana. Yao hayakuandikwa. Mutengenezaji wa hapa yuko na nafasi ambayo fundi wa Nantes hana: anaweza kuwaweka.

Kila mutu anaanza na waya iliyokunjwa, sentimita 8 hivi kwa mwanamuke. Karatasi laini iliyolowekwa katika kole inazungushiwa waya, inakauka usiku, alafu nguo inakatwa katika kitambaa chepesi chenye rangi moja, kwa kuwa maua ya kitenge cha leo yako makubwa sana kwa kipimo hicho. Chungu cha kichwani ni udongo kidogo ao mbegu kubwa iliyotobolewa. Watu watano ao sita kando ya magurudumu ya nyuma wanatosha, na pale LED ya tanuru inapowaka, mwanga wake unafika kwenye miguu yao.

Bodys Isek Kingelez, aliyezaliwa mwaka wa 1948 na kufa Kinshasa katika 2015, alijenga miji mizima ya makete kwa karto, plastiki, mikebe na vifuniko vya chupa. Katika 2018 jumba kubwa la sanaa la New York, MoMA, lilimufanyia maonyesho yake peke yake. Hakufanya magari ya mvuke, lakini kole na karto vyake vilikuwa vilevile.

Anayetaka kuongeza boti apime meza kwanza. Kwa 1 kwa 20, Mimi inakuwa na sentimita 60. Trekta, kamba na mukokoteni vikifuatana, makete inafika karibu mita 1, na waya za taa za boti lazima ziwe na kiunganishi kinachochomoka katikati ya kamba, bila hivyo haitapita mulangoni siku ya kuitoa nje.